Ripoti Bora Kutoka Matungu

Jumatatu, 3 Novemba
Wiki yangu imefika! Programu yetu ya kuuzia kuku, Ingokho Mkononi, inajifunga ghafla kwenye simu za wafugaji wa Matungu, na fundi wetu Cleophas hajui kwa nini. Ripoti wanazotuma zote ni neno moja: “Imekataa.” Imekataa nini? Ulibonyeza wapi? Bosi, Bi. Jescah, ametuambia mimi na mwanagenzi mwenzangu Nabwire kwamba atakayeleta ripoti ya maana kufikia Ijumaa ataajiriwa rasmi. Mwingine arudi kwao. Namhurumia Nabwire. Kwao Busia, na mvua hii!

Jumanne, 4 Novemba
Wazo la kitaalamu: wasiandike, waongee! Nimewafungulia njia ya kutuma sauti, dakika moja tu. Nikawaeleza: sema ulikuwa ukifanya nini, ulibonyeza wapi, ukaona nini. Mtoto angeweza.

Wa kwanza, Bi. Zeituni. Asalaam aleikum. Akauliza hali yangu. Akauliza hali ya mama yangu, ambaye hamjui. Akamshukuru Mungu kwa mvua, akalalamika kwamba miwa haijakatwa. Kisha: “Sasa mwanangu, hii simu inakuwanga...” Dakika ikaisha! Wa pili, wa tatu, salamu tupu. Sasa najua afya ya Matungu nzima. Nabwire amecheka hadi akamwaga chai. Acheke tu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimepiga marufuku salamu. Kwa herufi kubwa: ANZA NA SHIDA. Mwenyekiti wao, Mzee Ayub, akanipigia mwenyewe. Akanisalimu kwanza, makusudi, kwa muda mrefu. Kisha akauliza nimelelewa na nani. Hata daktari, akasema, husalimiwa kabla ya kuonyeshwa kidonda. Nikamjibu kwamba teknolojia haina wakati wa kupoteza. Akakata simu.

Tangu hapo hakuna ripoti hata moja. Nikamwambia Bi. Jescah programu imepona. Akauliza mbona hakuna kuku aliyeuzwa. Uchokozi huo.

Nabwire ameomba ruhusa aende Matungu kesho. Kutembea wakati wa kazi! Nimemtakia safari njema.

Alhamisi, 6 Novemba
Asiyekuwapo na lake halipo. Ofisi yote yangu!

Nimegundua kiini cha tatizo: wafugaji wana shida lakini hawana lugha. Mimi lugha ninayo. Nikachukua simu yangu, nikafungua akaunti kwa majina yao, nikawaandikia. Si uongo, ni ukalimani. Bi. Zeituni: “Nilipokuwa nikiperuzi kwa utulivu, kioo kilimezwa na giza totoro.” Mfugaji mwingine, Swafia, nikampa machozi kidogo. Mzee Ayub nikamfanya aniombe radhi. Cleophas amezipokea kwa mikono miwili.

Nikampigia mama, nikamwambia mwanawe ameajiriwa. Akapiga vigelegele mpaka sikio likaniuma. Nilifurahi sana.

Ijumaa, 7 Novemba
Siku mbaya. Cleophas ameshinda asubuhi nzima akitafuta hitilafu, kisha akatangaza mbele ya wote kwamba ripoti zote zimetoka kwenye simu moja, ya Ignatius, yaani mimi. Kumbe programu huandika yenyewe ripoti imetoka simu gani! Nani aliifundisha umbea?

Nabwire naye alikuwa na ripoti moja tu. Alisalimiana na watu mpaka salamu zikaisha. Akala ugali na kuku, obusuma na ingokho wanavyoita wenyewe. Ndipo akamwomba Bi. Zeituni auze kuku mbele yake. Mama huyo akapiga picha ya kuku, sawa. Akafika kwenye bei, akaandika “tutaongea.” Programu ikajifunga. Akarudia, ikajifunga tena. Matungu nzima huandika hivyo. Nani hutaja bei kabla mnunuzi hajamshika kuku na kumpima kwa mkono? Programu ilitaka tarakimu tu. Cleophas akairekebisha kabla chai haijapoa. Mimi nilipoijaribu niliandika elfu moja kila mara. Sina kuku, ningejuaje?

Nabwire ameajiriwa. Nimeambiwa nirudishe kitambulisho cha ofisi. Imeniuma, siwezi kuficha. Mama ameshatangaza kanisani.

Jumamosi, 8 Novemba
Maajabu! Nabwire amenitetea. Inaudhi, lakini nimekubali. Bi. Jescah amenipa nafasi ya mwisho kabisa: kuanzia Jumatatu niko Isecheno, nikiwasaidia waongozaji wa wageni msituni kuripoti hitilafu za programu yao mpya.

Nimejichunguza kwa unyenyekevu mkubwa. Kosa langu lilikuwa moja tu: simu moja. Leo nimeazima ya shangazi Phoebe, ya binamu Mitchel na ya jirani yetu Emily. Waongozaji wenyewe sijawaona bado, na programu watapewa hiyo Jumatatu. Ripoti zao nimeshazimaliza.