Kipima Presha cha Bibi Mwanvita

Jumamosi, 13 Septemba

Hili sijawahi kumwambia mtu: boila langu la mvuke, nililolitengeneza mwenyewe, halijawahi kuwashwa. Hata mara moja. Mwalimu Castory wa fizikia nilimwambia limewashwa mara nne na halina shida. Akanipa meza ya mbele kwenye maonyesho ya sayansi ya shule, Jumamosi ijayo. Meza ya mbele! Severini na mashine yake ya kutotolea vifaranga kawekwa nyuma, karibu na vyoo.

Tatizo ni moja tu. Mwalimu kasema boila lisilo na geji ya kuonyesha presha ya mvuke haliwashwi mbele ya watoto wa watu. Geji sina.

Duka la mabomba wanayo. Kwa bei yake unapata mbuzi. Nimewarudishia geji yao taratibu, kwa mikono miwili.

Nikaingia duka la dawa la dada Shakila, kuuliza kama wana kipima presha kibovu. Akauliza presha ya nani. Nikasema ya nyumbani. Akanipa pole, akasema tupunguze chumvi. Halafu akanielekeza: huko Choma, mlimani, yupo Bibi Mwanvita, mjane wa dresa wa zamani, mhudumu wa zahanati. Kipimo cha marehemu bado anacho, kile chenye mpira wa kuminya na kisaa cha mshale.

Kisaa cha mshale! Hiyo si ndiyo geji?

Jumapili, 14 Septemba

Nimepanda Choma baada ya ibada. Saa nane mchana ukungu ukashuka, nikawa natembea kwa kupapasa. Nyumba ilitokea ghafla mbele ya pua yangu. Bibi alikuwa kibarazani, amekunja mkono wa gauni hadi begani, ameunyoosha. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema nimechelewa.

Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili ya kuomba kuazima. Ikapotea yote. Nikasema tu nimefuata kipima presha. Akasema anajua, Shakila kampigia simu, haya nimpime basi, tangu dresa afe hakuna wa kumpima.

Mtu mwingine angemweleza ukweli. Mimi nikamfunga kile kitambaa, nikaminya mpira. Mshale ukapanda, ukashuka, ukachezacheza. Sijui maana yake. Nikasema iko vizuri. Akashukuru mpaka nikaona haya. Kugeuka, majirani watatu wamepanga foleni! Nikawapima wote. Wote wazima! Mmoja wao, Mzee Abeid, nilimfunga kitambaa juu ya koti.

Bibi akaingia ndani kunichemshia magimbi. Nikachomoa kisaa. Mahali pake kwenye mkoba wa kipimo nikaweka kopo la dawa ya viatu, nililolibeba endapo hotuba ingeshindwa. Uzito uleule. Nimeazima, sijaiba. Nitarudisha Jumapili ijayo.

Magimbi nimeyala yote, kisaa kikiwa mfukoni.

Jumatatu, 15 Septemba

Kisaa kiko mezani kwangu. Hakijaunganishwa na kitu chochote. Mshale uko kwenye 140. Ulipaswa kuwa sifuri. Nimekitikisa: 140. Nimekigonga kwa kalamu: 150, kama kimechukia.

Na kinadunda. Mshale unaruka kidogo, unatulia, unaruka tena. Mara themanini kwa dakika. Mama aliingia kuchukua pasi, akauliza kinachodunda humu ni nini. Nikasema ni moyo wangu. Akasema nipunguze kusoma.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekifunga kwenye boila. Kinapendeza! Mshale 170. Boila halina moto. Halina hata maji.

Mwalimu Castory akapita kukagua. Akauliza mbona lina presha wakati limezimwa. Nikasema imebaki tangu lilipowashwa mara ya nne. Akalitazama kwa muda mrefu, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka kwa haraka kidogo. Severini akauliza boila langu lina mimba ya miezi mingapi. Darasa zima likacheka. Siku zote huwa ni darasa zima.

Saa kumi jioni mshale ulisimama. Nami pumzi ikasimama. Halafu ukaruka mara tatu, kama mtu anayekohoa, ukaendelea.

Ijumaa, 19 Septemba

210. Sasa najua presha hii ni ya nani. Nilijua tangu Jumatatu, ila sikutaka kuiandika.

Nimekifunika kwa kitambaa chenye maji. Nimekisomea zaburi. 220. Nikasema kwa sauti, "Bibi, tulia." Kikapanda 230!

Orodha ya maonyesho imebandikwa. Nafasi ya kwanza: Amosi, Boila la Mvuke. Sijawahi kuwa wa kwanza kwenye orodha yoyote isiyofuata alfabeti.

Mpango: kesho alfajiri napanda Choma. Nahakikisha ni mzima. Nashuka kabla ya saa tatu, kisaa kikiwa begini.

Jumamosi, 20 Septemba

Ukungu tena. Kisaa kilidunda mgongoni mwangu njia nzima. Nikiongeza mwendo, nacho kinaongeza.

Bibi alikuwa kibarazani, mkono umenyooshwa. Pembeni yake kopo la dawa ya viatu, limefunguliwa. Akasema marehemu mume wake hakuwahi kung'arisha kiatu maishani mwake.

Nikapiga magoti. Nikasema yote: boila, geji, Mwalimu, zile mara nne. Nikamwambia presha yake iko 230, naomba asife. Akasema itaachaje kupanda, wiki nzima anamuwaza mwizi!

Nikauliza kwa nini kinadunda bila kufungwa mkononi. Akashangaa swali lenyewe. Akasema dresa akishuka mjini alikuwa anakibeba, ili ajue mkewe huku anaendeleaje. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza matumizi ya simu.

Kisha akataka kujua hilo boila linafanya nini hasa. Nikamwambia linazungusha gurudumu dogo. Na gurudumu linafanya nini? Linazunguka. Bibi akacheka mpaka akashika nguzo. Nikaangalia kisaa: 200. 160. 130.

Akakiweka mkekani kati yetu. Hapo hapo mshale ukaruka hadi 190, mbio mbio. Bibi akajigusa shingoni, akahesabu mapigo yake, akatikisa kichwa. Akanitazama mimi.

"Hii siyo yangu. Hii yako, mjukuu wangu. Kaa chini."

Nikakaa. Kila nilipowaza meza ya mbele, mshale ulipanda. Kila nilipotaka kuinuka, ulipanda zaidi. Akaniletea magimbi. Kimeshuka saa sita mchana, nilipokubali kwamba maonyesho yamekwisha.

Kisaa nimekiacha kwake. Niliposhuka nimeambiwa yai moja la Severini limeanguliwa mbele ya mgeni rasmi. Kifaranga huyo Severini amempa jina langu.

Naapa hapa, kwa maandishi: sitachukua tena kitu cha mtu, wala sitadanganya tena.

Jumanne, 23 Septemba

Mwalimu Castory kaniita. Mwezi ujao ni mahafali ya kidato cha nne, nafasi ya kuonyesha boila ipo, ila geji lazima. Nikasema nitaona.

Mchana nimepita kwa muuza chuma chakavu, Msamvu. Chini ya rundo palikuwa na geji ya shaba, kubwa kama sahani ya chai, kioo kimepasuka. Akasema ilitoka kwenye boila lililolipuka la kiwanda fulani cha zamani. Nikauliza bei. Akasema niichukue bure, na nisiirudishe. Nyuma ina majina mawili yaliyokwaruzwa kwa msumari. Sikuuliza ni ya nani.

Mshale ulikuwa sifuri mpaka nilipoishika.

Nimeifunga kwa gazeti, nimeitia begini, nimerudi moja kwa moja shuleni. Nimemwambia Mwalimu geji ninayo, na kwamba boila limeshawashwa mara tano.