Kuhusu Pacha Wangu Ambaye Hamjanikabidhi

Kwa Meneja wa Madeni,
Hospitali ya vioo (zamani zahanati ya uzazi),
Ghorofa ya pili, mlango ulioandikwa "Gonga, Kisha Usubiri".

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kiyoyozi chako kinafanya kazi. Mimi si mzima sana, na sababu ni ninyi, lakini tutaongea kwa adabu.

Mimi ni fundi wa makochi. Nina miaka thelathini na saba, na nilizaliwa katika zahanati ambayo kampuni yako iliinunua mwaka jana kutoka kwa warithi wa Sista Mkuu, yule mkunga aliyeianzisha na kuiendesha kwa madaftari na penseli mpaka alipofariki. Mlipolichukua jengo mliweka vioo mbele, mkayapiga picha madaftari yake yote, mkayaingiza kwenye kompyuta. Wiki tatu zilizopita ikaja bahasha kwa jina la mama yangu. Niliifungua mimi, kwa sababu mama ana presha, na bahasha zenye kidirisha humpandishia. Ndani mlikuwa na bili ya siku niliyozaliwa: "Kuzalishwa, watoto 2. Kilicholipwa, mtoto 1. Salio, mtoto 1, pamoja na riba."

Meneja, mimi sina pacha. Sijawahi kuwa naye, wala sijawahi kusikia akitajwa hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nina malalamiko yafuatayo, na nimeyapa namba ili msipate taabu ya kuyapanga kabla ya kuyapoteza.

1. Mzigo haukufika. Mama mdogo ndiye aliyekwenda kutuchukua siku mama aliporuhusiwa kutoka. Nimemuuliza kwa simu. Anasema alibeba mtoto mmoja mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto, na kwamba kama kungekuwa na mtoto wa pili angemweka kwenye beseni, na angekumbuka, maana beseni lilikuwa lake na halikurudishwa. Huo ni ushahidi. Katika kazi yangu, mteja akiagiza makochi mawili nikampelekea moja, siwezi kumdai la pili. Yeye akinidai, nitajificha chooni, lakini nitajua ana haki.

2. Riba. Mmeeleza kwamba deni limekuwa likizaa kwa miaka thelathini na saba. Sawa. Na pacha wangu naye hakukaa bure muda wote huo. Kwa umri wake ameoa, pengine ameachana akaoa tena. Ana watoto wasiopungua watatu na wa kwanza yuko sekondari. Kama mnadai deni pamoja na vizazi vyake, nami namdai pacha pamoja na vizazi vyake. Mke wangu amekwisha kupima sebule kwa utepe wangu wa kazini. Anasema watalala wanne. Wa tano itabidi alale karakana, kwenye kochi la mwanasheria mmoja ambalo bado sijalivalisha kitambaa.

3. Wasiwasi niliotiwa dirishani. Jumanne nilikuja mwenyewe dirisha namba sita. Karani wenu ni binti mwenye heshima, simlaumu. Nikamwambia, "Dada, hapa pana kosa. Mimi nilizaliwa peke yangu."

Akatazama kompyuta. "Kaka, mfumo unaonyesha wawili."

Nikamwambia mfumo haukuwepo siku ile, mimi nilikuwepo.

"Sawa," akasema, "lakini wewe unakumbuka?"

Hapo alinipata. Nikakiri kwamba sikumbuki. Akatazama tena, akashusha sauti ili waliokuwa nyuma yangu wasisikie. "Halafu, kaka, hapa haijaandikwa ni yupi aliyelipiwa. Inawezekana aliyelipiwa ni yule mwingine. Wewe ndiye salio."

Meneja, nimekaa na neno hilo siku nne. Nikipiga misumari nalisikia. Mke wangu akiniita kula nalisikia. Na ukurasa wa pili wa bili yenu unasema kwamba deni lisipolipwa ndani ya siku thelathini, kampuni "itashikilia mali husika". Mali husika ni mimi. Sina nguvu ya kushindana na wanasheria. Kochi la mmoja wao ninalo hapa, nimeona springi zilivyolala. Kwa hiyo muda ukiisha nitaripoti kwenu saa mbili kamili asubuhi, nikiwa na mswaki, suruali mbili na nyundo yangu. Nakula mara tatu kwa siku. Nakoroma. Wateja watakaokuja kudai viti vyao nitawaelekeza kwenu, na wao si watu wa adabu kama mimi.

4. Kazi za pacha nilizozifanya mimi. Kabati la mama nimelihamisha mara nne, nyumba nne, peke yangu. Ni kabati la watu wawili, na kiuno changu kina barua ya daktari. Mjomba anapokuja na habari za kesi yake ya shamba, namsikiliza mimi tangu chai ya asubuhi mpaka taa zinawashwa. Mama akiudhika ananiudhikia mimi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kugawana naye. Kila kikombe kilichovunjika katika nyumba ile kilijulikana kimevunjwa na nani kabla vipande havijatulia sakafuni. Hasara hiyo siwezi kuihesabu, lakini kompyuta yenu inaonekana inaweza.

5. Hili si langu, ila siwezi kulinyamazia. Yule mama aliyefua mashuka ya zahanati kwa miaka ishirini na tisa ni jirani yetu. Vidole vyake havikunjuki tena vizuri. Alikuja kwenu kuulizia mishahara ya miezi saba ambayo warithi hawakumlipa, na mkamjibu kwa maandishi. Nimeisoma barua hiyo, kwa sababu yeye haoni vizuri na alinipa nimsomee. Inasema kampuni "haikurithi mambo ya mmiliki wa zamani". Imesainiwa na wewe. Bili ya mama yangu, inayorithi mambo ya mmiliki wa zamani mpaka kilio changu cha kwanza, nayo imesainiwa na wewe, kwa wino uleule wa bluu. Nilimsomea yule mama mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nimeruka mstari. Naomba unieleze ni mkono upi unaorithi na upi usiorithi, ili tukija tujue tukae upande gani wa meza yako.

Kutokana na hayo, naomba moja kati ya mawili. Ama mumfute mtoto wa pili kwenye kumbukumbu zenu mara moja, yeye na riba yake, na mnipe barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba nilizaliwa peke yangu na nimelipiwa. Ama mniletee pacha wangu hapa karakana, siku ya kazi, kabla ya saa sita mchana, akiwa na kitambulisho. Ikiwezekana awe anajua kushona pindo, na asinizidi urefu.

Mama sijamwambia neno, na naomba asipigiwe simu na mtu yeyote. Katika umri wake hana haja ya kuanza kumwaza mtoto ambaye hakumzaa.

Mnisalimie karani wa dirisha namba sita, mlinzi wa getini aliyeniuliza bei ya kuvalisha viti vinne, wakurugenzi wote kwa vyeo vyao, na mfumo pia, popote mnapouweka.

Ni mimi, wenu iwapo hamtalipwa,

Fundi Makochi
(mtoto namba 1 au namba 2, kadiri mtakavyoamua)

Baada ya sahihi:

Barua hii niliiacha juu ya meza ya kukatia vitambaa nikaenda kununua bahasha. Niliporudi nilimkuta mama, aliyekuwa ameniletea shati langu aliloliwekea kifungo, amekaa kwenye kochi lile lisilo na kitambaa, miwani puani, anaisoma kwa kidole. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Kisha akasema, "Wawili ni sahihi."

Nikakaa chini, juu ya gunia la sponji.

Anasema kule zahanati, kwenye kitanda cha pembeni yake, alilala binti wa miaka kumi na minane hivi, aliyekuja peke yake na viatu visivyofanana. Alijifungua saa moja baada ya mimi kuzaliwa. Sista Mkuu alipouliza ni nani atakayemsimamia, binti alitazama ukuta. Mama akasema, "Mwandike kwangu." Ndivyo watoto wote wawili walivyoingia chini ya jina lake. Wa kwake alimlipia. Wa binti aliahidi kumlipia kidogo kidogo, na kila alipokwenda na chochote, Sista Mkuu alimwambia akanunue maziwa kwanza. Siku ya tatu pale zahanati, mama alipoamka alikuta kitanda kile kimetandikwa. Binti alikuwa ameondoka na mtoto wake, amemfunika kwa shali ya mama. Hawakuonana tena. Baba hakuambiwa, mama mdogo hakuambiwa, nami sikuambiwa, kwa sababu, anasema, hakuna aliyewahi kuuliza.

Nikamuuliza presha yake inaendeleaje. Akasema inapandishwa na watu wanaofungua barua zake.

Kwa hiyo namba moja hadi nne nazifuta. Namba tano ibaki. Mama ameipigia mstari kwa penseli. Deni atakuja kulilipa mwenyewe, riba hatalipa, na amesema mkitaka kubishana naye mjiandae, kwa kuwa hatakuja na adabu yangu. Ana ombi moja. Pale nilipoandika kwamba mumfute mtoto wa pili, msimfute. Anataka stakabadhi isomeke watoto wawili, wamelipiwa wote. Na kama daftari la Sista Mkuu linaonyesha yule wa binti alikuwa wa kike au wa kiume, mumwandikie pembeni, hata kwa penseli. Anasema alimbeba siku mbili, na hilo limemtoka akilini.