Hita Yangu Haina Ukaidi

Jumatatu, 9 Juni

Swichi kuu imekatika tena! Nimesimama na taulo kiunoni, hita imo ndani ya ndoo, maji hayajapata hata uvuguvugu. Nikaenda hivyo hivyo kuubamiza mlango wa Mkasi, fundi cherehani wa chumba cha pili. Alikuwa anapiga pasi suruali za wateja. Kila nikichomeka hita, yeye yuko na pasi. Kila asubuhi! Nikamwambia pasi yake inatumaliza. Akanijibu mbona swichi hukatika nikitaka kuoga mimi tu. Ati mimi! Nyani haoni kundule.

Mama mwenye nyumba amechoka kupanda kiti kuirudisha swichi. Ametangaza kwamba Jumamosi asubuhi atakata umeme wa chumba kinacholeta balaa, na asije mtu kumbembeleza. Jumamosi hiyo hiyo mchana anafika mama mkwe. Mara ya mwisho alioga maji baridi hapa, akakohoa mpaka siku ya kuondoka. Mke wangu amesema safari hii mama yake asipopata maji ya moto, wataondoka wote wawili. Amesema bila kupandisha sauti, ndiyo maana naogopa.

Lazima akatwe Mkasi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeazima kipimo kwa fundi umeme wa pale kona. Kina mdomo kama koleo. Unabana waya, kinakuonyesha ampea.

Nikabana waya wa hita. Sifuri! Hita yangu haili kitu! Nikamwita mke wangu ashuhudie. Akauliza kama haili kitu, maji yanachemshwa na maombi? Nikaenda kubana waya wa pasi ya Mkasi, nikitegemea maajabu. Sifuri pia! Mkasi akasema basi tumshukuru Mungu, nyumba nzima inaishi bure.

Nikarudi kona kwa hasira, nikambwagia fundi umeme kipimo chake kibovu. Alicheka mbele ya wateja mpaka akakaa chini. Kumbe ndani ya ule waya mnene mna nyaya mbili. Umeme unakwenda kwa huu na kurudi kwa ule, na ukizibana pamoja zinafutana. Unabana mmoja tu. Mbona hakusema mapema? Akasema hakujua kama kuna mtu asiyejua. Mshenzi! Akanipa kipande cha waya wa kuunganishia, nyaya zake zimetenganishwa. Nimekipokea bila ahsante.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi! Umeme wa nyumba ni volti 230. Pasi ya Mkasi, ampea 5. Hita yangu, ampea 11.5. Fizikia niliisoma muhula mzima, ukiondoa siku nilizofukuzwa darasani. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani. Pasi: omu 46. Hita: omu 20.

Jambo liko wazi. Ukinzani ni ukaidi. Pasi ya Mkasi inashindana na umeme mpaka swichi inakata tamaa. Hita yangu inaupokea umeme kwa adabu, kama mgeni mstaarabu. Mke wangu akauliza, kama hita inavuta ampea nyingi kuliko pasi, mlafi si ndiyo hiyo? Nikamwambia asiingilie mambo ya kitaalamu. Amenuna. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Nikapima pia feni ya mama mwenye nyumba, kwa ukamilifu tu. Robo ampea. Nikagawanya: omu 920! Jambazi la nyumba hii ni ile feni! Nimeamua kuinyamazia. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba.

Jumamosi, 14 Juni

Kikao ukumbini. Nikaandika ukutani kwa chaki, pasi 46, hita 20, nikaeleza kwa sauti ya kutosha. Nilijiona mkubwa.

Ndipo Mkasi, mnafiki yule, akauliza kwa upole mbona feni ya mama sijaiandika, wakati alinishuhudia nikiipima. Ikabidi. 920. Mama mwenye nyumba akanikodolea macho. Feni yake, ambayo hata nzi haimfukuzi, ndiyo inayozima nyumba nzima? Nikasema kwa heshima zote kwamba hesabu haimjui mkubwa. Akasema ukaidi wa feni hauna maana kwake, anataka kujua wati, maana ndizo anazolipia.

Wati? Kwa furaha! Volti mara ampea. Feni, wati 57.5. Pasi, 1,150. Nilikuwa bado natabasamu. Hita, 2,645. Nikafuta, nikarudia. 2,645. Mkasi akapiga makofi. Chaki ikanivunjikia mkononi. Nilijaribu kueleza kwamba wati ni upande mmoja tu wa mambo, lakini mama alishapanda kiti.

Chumba chetu hakina umeme. Nimejianika mwenyewe, kwa mwandiko wangu! Nina hasira na chaki, na ukuta, na mwalimu wa fizikia popote alipo.

Jumamosi hiyo hiyo, alasiri

Mama mkwe amefika. Amekaa na taulo begani, ameuliza maji mara moja na hataki kurudia. Mke wangu hajafungua sanduku la mama yake. Anakunja nguo zake mwenyewe na kuziweka juu ya sanduku hilo.

Lakini nimepata! Soketi ya ukumbini, nje ya mlango wa Mkasi, inatumia waya wa chumba chake. Nimepitisha waya wa kuunganishia chini ya zulia mpaka kwenye ndoo yetu. Likitokea la kutokea, ni umeme wa Mkasi.

Na halitatokea. Safari hii nimepiga hesabu kwanza. Swichi kuu imeandikwa mwisho ampea 15. Pasi ni 5, iko chini. Hita ni 11.5, nayo iko chini. Zote mbili ziko chini! Nimemwambia mke wangu aache kukunja nguo, aje aone mume msomi.

Kupitia mlango namsikia Mkasi akichomeka pasi. Vizuri sana. Nawasha.