Akiba ya Bandeji Isiyoguswa

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, serikali ilitangaza kwamba bandeji hazitakwisha tena katika nchi nzima. Tangazo lilisomwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kipaza sauti kiliishiwa betri.

Hatua ilikuwa ya busara. Kurugenzi ya Ugavi Usiokatika ilikuwa imechunguza minyororo muhimu ya ugavi kwa miezi minane, ikagundua kwamba kila mahali bandeji zilipokwisha chanzo kilikuwa kimoja: wagonjwa walikuwa wakizitumia. Basi ikaamriwa bandeji zote ziondolewe wodini, zikusanywe pamoja na kufungiwa, ili siku nchi itakapopatwa na msukosuko zikutwe zipo, nyeupe, hazijaguswa na mtu.

Zilifungiwa katika stoo ya hospitali ya wilaya. Mwenye ufunguo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye wote walimwita Mama Stoo, hata wanawe wakati mwingine. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, mkono mmoja wa miwani ukiwa ni uzi uliozungushwa sikioni. Lakini akianza karatasi haiachi mpaka nukta ya mwisho. Ndiyo maana yeye peke yake alikuwa ameusoma Mwongozo wa Akiba wote, kurasa arobaini na moja. Hata Mkurugenzi aliyeutia sahihi hakuufikisha mwisho. Zile kurasa za mwisho aliagiza tu ziwe kali.

Nazo zilikuwa kali. Zilisema akiba haifunguliwi mpaka Mkurugenzi mwenyewe atangaze mkatizo, yaani kukatika kwa ugavi, kwa Fomu Namba Tisa. Zilisema akishatangaza, bandeji zote, bila kubaki hata moja, zifikishwe wodini ndani ya saa moja, bila kumsubiri mtu. Zilisema aliyetangaza haondoki kituoni mpaka mzigo mpya upokelewe, na mzigo haupokelewi isipokuwa kutoka kwa mzabuni aliyesajiliwa.

Mlangoni palipigiliwa ubao: SIKU BILA MKATIZO. Kila asubuhi Mama Stoo alibadilisha namba kwa chaki, kisha akampelekea mlinzi wa geti kikombe chake cha chai, maana mlinzi yule hutoka kwake kabla jiko halijawashwa.

Ubao ulipofika sitini na moja, siku ya Jumatano, muuguzi wa zamu alikuja akaegemea mlango.

"Shikamoo, Mama Stoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenywea hivyo?"

"Kitanda namba saba. Fundi Rejeta."

Mama Stoo akavua miwani. Fundi Rejeta alikuwa fundi wa magari pale jirani. Gari la wagonjwa lilichemka barabarani likiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani, yeye akakimbia kulifungua rejeta bila kuitwa. Mama yule alifika salama. Maji ya moto yalimshukia Fundi kuanzia gotini hadi kwenye kidole gumba.

"Daktari kasema kidonda kikikaa bila bandeji safi hadi Ijumaa, mguu utaoza, wataukata," muuguzi alisema. "Mkewe amechana mashuka yote ya nyumbani, anachemsha, anaanika, anatuletea. Mashuka yamekwisha. Jana kaleta pazia."

"Na mapazia yakiisha?"

"Litabaki gauni alilovaa. Na yule atalivua, Mama, namjua."

Nyuma ya Mama Stoo zilikuwa bandeji elfu nne, zimepangwa hadi darini. Aliinua simu, akampigia Mkurugenzi.

"Mama, kuna vita huko?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hapana, baba."

"Mafuriko? Bandari imefungwa?"

"Hapana."

"Basi hakuna mkatizo."

"Kuna mguu, baba."

"Mguu mmoja si janga la kitaifa. Ubao unasemaje?"

"Sitini na moja."

"Unaona! Tunafanya vizuri sana. Kesho Mheshimiwa Waziri anakuja kuizindua akiba rasmi. Futa vumbi."

Mama Stoo alifuta vumbi. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akauchukua Mwongozo, akausoma tena tangu mwanzo, kidole chini ya mstari. Akiwa pale akachukua Fomu Namba Tisa moja, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Alhamisi Mkurugenzi alifika mapema, suti imenyooka kama rula. Hema lilikuwa tayari, viti tayari, mkasi juu ya mto mwekundu. Kilichokosekana ni utepe.

Si kwamba haukuagizwa. Kwa kufuata kanuni za ugavi imara, utepe uliagizwa kwa wazabuni watatu kutoka nchi tatu, ili mmoja akikwama wawili wawepo. Wote watatu walikwama siku moja, kwa sababu wote walikuwa wakinunua kwa mtu mmoja, naye alikuwa msibani.

"Pale ng'ambo duka la vifungo wanao utepe," mlinzi wa geti alisema. "Mwekundu, wa bluu, hata wenye vimetameta."

"Duka hilo limesajiliwa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Limepakwa rangi tu, mzee."

"Basi halipo."

Akazungukazunguka, mikono nyuma. Macho yake yakapita dirishani mwa stoo, yakatua juu ya bandeji. Nyeupe. Ndefu. Safi.

"Mama," alisema kwa sauti laini, "nipe moja tu."

"Moja au zote, baba, fomu ni ile ile."

"Fungua tu. Nani atajua?"

Mama Stoo akanyoosha kidole juu, kwenye kamera. "Uliiweka mwenyewe. Ulisema hata mimi nisiaminiwe."

Ving'ora vya msafara wa Waziri vikasikika kwa mbali. Mkurugenzi akatazama saa, akatazama mlango usio na utepe.

"Hiyo fomu iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni. Mama Stoo aliikunjua, akailaza mezani, akampa kalamu yake mwenyewe, maana ya Mkurugenzi haikuwa na wino.

"Isome kwanza, baba," alisema. "Nakuomba. Kitu cha kutia sahihi husomwa."

"Mama, mimi ndiye niliyeileta hii fomu duniani!"

Akaandika. Kwenye sehemu ya sababu ya mkatizo akaweka: *Utepe hakuna.* Akatia sahihi, akagonga muhuri. Mama Stoo akafungua, naye akanyakua bandeji yake moja na kukimbia nayo mbele.

Mama Stoo alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika tano. Akafungua mlango wa nyuma.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi, "lete toroli. Anza na namba saba."

Zikaja toroli za dawa, za nguo chafu, za chakula. Wakaja wapishi na aproni zao. Mlinzi wa geti alibeba maboksi mawili kichwani na moja kwapani, na geti akamwachia mkewe Fundi Rejeta, aliyekuwa amefika na nusu ya pazia la mwisho.

Mbele, Mkurugenzi alihutubia. Hotuba zake zilijulikana kwa urefu, na siku ile Mungu alimjalia pumzi.

"Mheshimiwa, nakuhakikishia," alisema, "kutoka stoo hii hakuna kitakachotoka bila sahihi yangu!"

Nyuma ya ukuta gurudumu la toroli likalia *nyiii*.

"Hao ni panya," Mkurugenzi alisema. "Mkakati wao upo ukurasa wa thelathini."

Saa tano Mheshimiwa Waziri alishika mkasi. Bandeji ilivutika, ikagoma kukatika, ikavutika tena, mpaka mlinzi, ambaye sasa alikuwa amerudi akihema, akasaidia kwa kisu chake cha kumenyea embe. Watu wakapiga makofi. Mlango ukafunguliwa.

Rafu zilikuwa tupu, safi, hazina hata vumbi.

Kamera za waandishi zikawaka. Mama Stoo akasogea taratibu, akampa Waziri karatasi kwa mikono miwili.

Waziri akasoma kwa sauti: "Mkatizo wa kitaifa umetangazwa. Sababu: utepe hakuna." Akageuka. "Mkurugenzi, hii sahihi ni yako?"

"Mheshimiwa, kimkakati..."

"Ni yake," alisema Mama Stoo. "Na saa moja ya kugawa iliisha sasa hivi. Hatukuchelewa hata dakika."

Waziri hakufika uwaziri kwa bahati. Akazitazama kamera, akainua karatasi juu. "Wananchi! Hii ndiyo amri ya kwanza ya serikali kutekelezwa ndani ya muda wake! Pongezi ziende kwa Mkurugenzi. Na kwa kuwa Mwongozo unasema aliyetangaza haondoki mpaka mzigo mpya upokelewe, tunamwacha hapa akiendelea na kazi." Kisha akapanda gari lake, akaenda.

Ubao ukarudi sifuri.

Wiki ya tatu ilimkuta Mkurugenzi bado stoo, amekaa kwenye kigoda, maana kiti chake kiliagizwa kwa wazabuni watatu. Mama Stoo alimletea chai kila asubuhi, baada tu ya ile ya mlinzi, na kumtilia sukari bila kuulizwa.

Asubuhi moja mtu alisimama mlangoni kwa miguu yake miwili. Mmoja ulikuwa na kovu linalong'aa.

"Mzee, shikamoo. Nimeruhusiwa," alisema Fundi Rejeta. "Mke wangu kasema nisiondoke na mali ya watu." Akaweka mezani bandeji moja, imefuliwa, imepigwa pasi, imeviringishwa vizuri.

Mkurugenzi aliruka kutoka kigodani. "Mzigo mpya! Mama, andika! Nikiupokea huu naenda nyumbani!"

Mama Stoo akavaa miwani, akazungusha uzi sikioni, akaufungua Mwongozo.

"Fundi, baba," aliuliza kwa upole, "umesajiliwa?"

"Kwenye nini, mama?"

Mkurugenzi akaketi tena, polepole.

"Pole, mwanangu," Mama Stoo alimwambia Mkurugenzi, akamsogezea chai isipoe. Kisha akaichukua ile bandeji, akaipeleka wodini.