Koti la Kijivu Msibani

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa idara kaniita. Somo langu, Sosholojia ya Dini, litafutwa wanafunzi wasipoongezeka. Mwalimu wa Takwimu, jirani yangu wa ofisi, alikuwepo akinywa chai. Akanipa pole kabla somo halijafa. Mnafiki! Kuanzia wiki hii nafundisha kwa filamu.

Jumanne, 5 Machi
Filamu za maktaba zimekwaruzika zote. Nimekumbuka video ya mazishi ya mama. Dada alinipa akaniambia niitazame peke yangu, nilie, nipumue. Sijathubutu kuifungua. Lakini ina kila kitu: maombi, nyimbo, wakubwa viti vya mbele, wanyonge nyuma. Dini na jamii tupu! Nitasema ni familia nisiyoijua. Dada hana haja ya kujua.

Jumatano, 6 Machi
Nimeonyesha. Sauti niliizima, jina langu lisije likatajwa. Jeneza la mama lilipopita, nilitazama dari.

Binti mmoja wa mbele akauliza yule bwana wa koti la kijivu, aliyejiziba uso kwa leso hadi puani, ni nani, mbona macho makavu mpaka kamera imfikie. Darasa likaamka. Wakaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Mwingine akasema huyo hayuko msibani, yuko jukwaani. Nikasifu hoja, nikaiandika ubaoni. Nilipogeuka, wote wananitazama kifuani. Koti lenyewe nilikuwa nimelivaa!

Alhamisi, 7 Machi
Darasa limefurika, wengine wamekaa madirishani. Somo linabaki. Mwalimu wa Takwimu kaja kunipa mkono, kauliza kama sina koti jingine.

Sikufurahi. Nilijifungia ofisini nikaitazama video yote, na sauti. Dada anasikika akiniita tubebe jeneza pamoja. Sauti yangu inamjibu asubiri kidogo, mpiga picha anabadilisha betri. Hakusubiri. Alilibeba na wajomba. Inaniuma sana.

Jumamosi, 9 Machi
Habari zimemfikia dada. Nikaenda kwake. Alikuwa anakunja nguo za mama. Nilimwomba radhi, nikajiandaa kutukanwa. Hakunitukana, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema tu kwamba kesho ni maombi ya kumkumbuka mama, nije nikae ubavuni pake, na kamera isikanyage pale. Nikamwapia. Akanipa gauni la mama nimsaidie kulikunja. Nililia mpaka likalowa. Hapakuwa na mtu wa kuniona ila dada.

Jumapili, 10 Machi, asubuhi
Nimewaza sana. Machozi yale ya jana yamepotea bure, na darasa bado linaniita mwigizaji. Kiapo ni kiapo: kamera siendi nayo. Simu si kamera. Nitaiegemeza kwenye vitabu vya nyimbo, ielekee kiti changu. Nitakaa ubavuni pa dada kama nilivyoahidi, upande wa dirisha, penye mwanga. Koti ni la buluu. Safari hii wataona mtu anayelia kwa dhati.

Nimejaribu mbele ya kioo. Yanatoka vizuri.