Jinsi Jiwe la Zambarau Lilivyopata Kwao

Sogeeni, enyi wenye masikio na subira, niwasimulie habari za Mama Mawe, jemedari wa stoo ya makumbusho, mwenye miwani ya kamba, mtesi wa vumbi, aliyesimama peke yake kulitetea jiwe lisilo na ukoo.

Jiwe lenyewe lilienea kiganjani: la zambarau, lenye mshipa wa manjano, upande mmoja limevunjika. Lebo yake mchwa walikwisha kuila zamani. Asubuhi hiyo Mkurugenzi, mwenye tai na amri, akashuka stoo akanena: "Mama, jiwe lisilojulikana litokako ni kokoto tu. Saa sita nalitupa."

"Hulitupi!" akanguruma shujaa, makabati yakatetemeka, au labda ilikuwa feni. "Jiwe hili nimelisalimia kila asubuhi tangu niajiriwe. Lina kwao, nami nitapaona."

Akajifunga kibwebwe, akazivamia droo. Mawe ya zambarau yakatoka vikosi kwa vikosi. Akayajaribu moja moja penye ule upande uliovunjika, akitafuta lile ambalo jiwe lake lilimeguka kutoka kwalo. Yote yakamkataa, hata lile pande kubwa la mgodi wa bondeni, aliloliwekea tumaini lake lote. Ndipo vumbi likamshambulia kwa hila; akapiga chafya, miwani ikaruka uvunguni.

Akainama kuitafuta, machozi yakimlenga. Alipoipata na kuivaa, kutoka kule chini akaliona jiwe ukingoni mwa meza, na mshipa wake ukielekea kwingine kabisa.

"Ala! Kumbe nimekushika kichwa chini!"

Akainuka hima, akaligeuza, akalisogeza kwenye lile pande la bondeni. Tak! Likakaa. Manjano yakapita toka jiwe hadi jiwe bila kukatika.

Mkurugenzi akaingia na ndoo ya taka. Akalitikisa jiwe, halikucheza. Akaiweka ndoo chini taratibu.

"Kumbe la bondeni."

"La bondeni, baba."

"Basi nisamehe, mama. Na lenyewe linisamehe."

Shujaa akampigia mumewe simu. "Mume wangu, nimeshinda! Lile jiwe ni la bondeni!"

"Hongera, mke wangu. Jiwe lipi?"

"Ninalokusimulia kila siku!"

"Aaa. Hilo."

Na iandikwe basi: siku hiyo magari hayakupunguza mwendo wala redio haikutangaza neno, ila katika stoo moja ndugu wawili waliopoteana walilazwa droo moja, na Mama Mawe akala chakula cha mchana kama malkia, bila hata kukumbuka kunawa.