Kompresa ya Fundi Sefu na Safari ya Shangazi Zaituni

Leo nimeaibika mbele ya maiti. Si mbele ya wazima tu. Maiti! Tena maiti ya shangazi yangu mwenyewe, Zaituni, aliyenilea.

Na majina nitayataja. Tangu vita viishe tunaambiwa tusitaje majina, tusahau, tukae pamoja. Mimi nimekaa pamoja vya kutosha. Wa kwanza ni Fundi Sefu, mwenye garaji nyuma ya soko hapa Rumonge. Wa pili ni shemeji yangu Yusufu, mume wa dada Asha. Wa tatu hayupo. (Najua munanitazama mimi. Hayupo.)

Gari yangu munaijua, ile jipu ya kijani. Iko nzee kuliko watoto wangu wote, lakini haijawahi kunilaza njiani. Shida yake ni vilima. Inapanda kama mutu anayerudishwa kwa mke asiyemtaka. Wale watu wa velo, wenye baiskeli za kubeba ndizi, wanaishika nyuma, wanavutwa bure mpaka juu. Halafu wakichoka kungoja wanaiachilia, wanapita kwa miguu yao wenyewe! Yusufu alikuwa ananicheka mbele ya watu: "Shemeji, hiyo ni gari ao ni kamba ya kuvutia velo?"

Maneno hayo ndiyo yalinipeleka kwa Sefu.

Sefu akafungua kapo, kile kifuniko cha mbele, akaangalia moteri kama daktari. "Kaka Rajabu, moteri yako iko muzima. Inakosa pumzi tu. Mimi niko na kompresa, nimeitoa kwenye gari iliyogongwa. Inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Utaruka."

"Na ikiharibu moteri?"

"Haiharibu. Gari ikizoea pumzi inakuwa kijana."

(Mimi nimepumua miaka hamsini na kitu, kila siku, na sijawa kijana. Hapo ndipo ningeondoka.)

Juzi akanipa gari. Ilikuwa inapiga mluzi. Ukigusa mafuta kidogo, mluzi. Ukikanyaga, inalia kama mbuzi anayeona kisu. Na esansi, hiyo petroli, inainywa kama ni ya serikali, nchi hii ambako tunalala kwenye mustari wa esansi! Sefu akasema, "Usiikanyage sana kwanza, kaka. Kuna kitu kidogo bado nataka kurekebisha." Kitu kidogo. Mushike neno hilo.

Jana Shangazi Zaituni akafariki, kwa binti yake Asha, kule Kabezi.

Niwaambie huyu Zaituni ni nani, ili mujue uzito. Wakati wa vita tulikuwa tunakimbilia ziwani, mimi nina jeraha la mguu, nikabaki nyuma katika michikichi. Mtumbwi ulikuwa umejaa, watu wanapiga kelele uondoke. Shangazi akashuka ndani ya maji, akarudi kunitafuta, akanibeba mgongoni, mimi kijana mzima mwenye ndevu. Hakuzaa mtoto wa kiume. Alisema zamani, na Asha anajua: siku yake ikifika, mutu wa kushuka kaburini kumpokea ni Rajabu. Si Yusufu. Rajabu.

Basi asubuhi nikafika Kabezi. Tukatoa viti vya nyuma, tukaingiza jeneza la msikiti, Shangazi juu yake amefunikwa shuka. Likawa refu kidogo, mlango wa nyuma tukaufunga kwa kamba. Sheikh anatungoja Rumonge, tumzike baada ya alasiri. Asha na wanawake wakapanda nyuma ya kamioneti ya Yusufu, pikapu yake. Hiyo kamioneti haijawahi kuguswa ila kubadilishiwa mafuta. Inatembea mwendo mmoja, iwe harusi iwe msiba.

Yusufu akatangulia. Mimi nyuma yake na Shangazi, tunakula vumbi lake. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Halafu nikajiambia, maiti ndiye anayepaswa kutangulia. (Ni adabu. Haikuwa mashindano.)

Tulipofika kwenye kile kilima kabla ya Minago, nikakanyaga.

Jamani! Mluzi ukapanda mpaka masikio yakaziba. Gari ikainua pua. Nikampita Yusufu, nikawapita watu wa velo na ndizi zao, wanawake kule juu ya kamioneti wakapiga kelele, "Polepole! Polepole na mama!" Nikapiga honi. Ndiyo, nilipiga honi, na maiti nyuma.

Nikaingia Minago, kwenye soko, pale njia inapoinamia ziwa. Mbele kuna tuta. Nikatoa mguu kwenye mafuta, nikatia freni kupunguza mwendo, nikaweka nyutro, gia ikawa huru.

PA! PA-PA-PA!

Sasa hapa sikufikiri. Wenzangu wa umri wangu wataelewa. Kichwa kilikuwa bado kwenye vola, kwenye usukani, mwili ulikuwa umeshatoka. Nilifungua mlango, nikaruka, nikalala katika mufereji, uso chini, mikono juu ya kichwa. Mufereji wa soko la samaki. Maji yake siyasemi.

Sikuwa peke yangu. Soko zima lililala. Wauza mihogo, wauza mafuta, mzee wa nyama na kisu chake mkononi. Vijana tu, waliozaliwa baadaye, walibaki wamesimama wanatutazama, hawajui tunaogopa nini. Halafu wakatoa simu.

Kando yangu alilala mutu mnene, kiatu kimoja kimemtoka. Akaninong'oneza, "Wewe, vita vilikukuta wapi?"

"Nyanza-Lac. Na wewe?"

"Kigwena."

"Pole."

"Na wewe pole. Wanapigia upande gani?"

Nikainua kichwa nione. Nikaiona jipu yangu. Ilikuwa imepanda tuta, imeshuka, na sasa inateremka yenyewe kuelekea ziwani, taratibu, mlango wangu uko wazi, moshi unatoka chini ya kapo. Pa! ikasema tena. Shangazi Zaituni alikuwa anaendelea na safari bila mimi.

Nilijaribu kusimama. Nikateleza, nikarudi katika mufereji.

Aliyeisimamisha ni bibi mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa, mzee sana, hata hakuwa amelala. Alichukua jiwe la mizani yake, akalitia chini ya gurudumu, akapangusa mikono. Kisha akachungulia dirishani.

"Amahoro," akasalimia. Kimya. "Yeee! Iko mutu humu, amelala!"

Kijana mmoja akasogea. "Bibi, huyo amekufa."

"Amekufa sasa hivi? Kwa ule mlio?"

"Hapana, bibi, ni jeneza. Amekufa tangu zamani."

"Basi nani alikuwa anaendesha?"

Soko zima likageuka, likatazama mufereji.

Nikainua mkono. (Ningefanya nini? Kanzu yangu ilikuwa nyeupe asubuhi.) Kicheko kilichotoka pale, wallahi, kilivuka ziwa. Yule mnene wa Kigwena akaanza kutafuta kiatu chake bila kunitazama. "Kumbe ni gari yako," akasema. Alikuwa na machozi. Hakucheka yeye.

Wakati huo kamioneti ya Yusufu ikafika, mwendo ule ule. Asha akashuka. Akatazama gari, akatazama ziwa, akanitazama mimi ninayevuja maji ya samaki.

"Kaka," akasema, "Mama umemwacha na nani?"



Moteri ilikuwa imekufa kabisa. Mafuta yanatoka, maji yanatoka, kila kitu kinatoka. Wanaume wakahamishia jeneza kwenye kamioneti. Yusufu hakusema neno, na mutu anayekucheka kila siku akinyamaza, hapo ndipo unajua ukubwa wa jambo. Nilikaa nyuma na wanawake, nimeshika mguu wa jeneza, mpaka Rumonge. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Harufu.

Nyumbani, kabla ya kwenda makaburini, ndugu wakaanza kuulizana nani atashuka. Mmoja akasema wazi, "Ashuke Yusufu. Huyu amemukimbia njiani."

Shangazi alirudi kunichukua penye risasi za kweli. Mimi nilimtoroka kwa mlio wa bomba la moshi.

Asha akatoka ndani. "Siku ile ya mtumbwi nani hakukimbia?" akauliza. "Wewe hukukimbia? Mama hakuwa anauliza nani alikimbia. Alikuwa anauliza nani amerudi. Huyu amerudi, ananuka, lakini amerudi. Aoge, ashuke."

Wakanimwagia ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nguo safi nikaazimwa na Yusufu, mutu wa urefu wa mtoto wa shule. Kanzu yake iliishia magotini mwangu. Hivyo ndivyo nilivyoshuka kaburini, miguu nje kama kuku. Nikampokea. Alikuwa mwepesi, jamani. Mutu aliyenibeba. Nikamlaza ubavu, nikamwelekeza kibla, nikasema pole kwa sauti ambayo hakuna wa juu aliyeisikia.

Kisha nikashindwa kupanda. Goti. Yusufu akalala kifudifudi ukingoni, akanipa mikono miwili, akanivuta, na kanzu yake ikapasuka nyuma kutoka juu mpaka chini. Akavua koti lake, akanifunika.

(Jina lake nimelitaja juu kule. Libaki. Lakini liandikwe kwa wino mdogo.)

Sasa niko matangani. Sefu naye amekuja, amekaa kando yangu na chai yake, amesema pole, amesoma fatiha. Halafu akanisogelea sikioni:

"Kaka Rajabu, niambie ukweli. Kwenye kilima, ulimupita Yusufu ao hukumupita?"

Nikachukua chai yake, nikainywa yote. (Nilimpita. Kama amesimama.)

Video ya Minago najua imeshawafikia. Siwakatazi kucheka, siwezi. Naomba tu mungoje matanga yaishe, ni siku tatu.